Mbps Ziko Mbili, Bango Linataja Moja: Historia ya Spidi ya Kupakia

Wasee, tuanze na bango. Uko Kisumu, unapita Kondele, unaona tangazo la intaneti ya nyumbani: 30 Mbps, bei ni hii, piga namba hii. Fundi anakuja, anapitisha waya, ruta inawaka. Unafungua YouTube na picha ni safi kabisa. Kila mtu kwa nyumba anafurahi.

Halafu unataka kupandisha video ya GB moja, na inakaa hapo kama mgeni aliyekataa kwenda. Kwa nini? Kwa sababu ile 30 ya bango ni spidi ya kupakua, yaani vitu vinavyokuja kwako. Spidi ya kupakia, yaani vitu vinavyotoka kwako kwenda kwa dunia, haikuandikwa popote. Na watu wengi hawaulizi.

Leo naongea juu ya hiyo namba ya pili. Sina ofa ya kukuuzia. Nataka tu tuangalie imetoka wapi, kwa sababu wengi wetu tunadhani ni sheria ya asili kwamba net lazima iwe na masikio makubwa na mdomo mdogo. Si sheria ya asili. Ni uamuzi wa watu, una tarehe na una sababu, na nyingi ya hizo sababu zilishapitwa na wakati.

Hesabu kwanza

Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo video ya GB moja ni karibu megabiti 8,000. Ukipakia kwa 5 Mbps, hiyo ni sekunde 1,600, karibu dakika 27. Kwa 10 Mbps ni dakika 13 na kitu. Kwa 30 Mbps ni chini ya dakika tano. Kwa 1 Mbps ni saa mbili na dakika 13, na hapo stima isipotee katikati, maana wengi wetu tunajua ikirudi utaanza upya.

Sasa, mtu wa kutazama filamu tu hatawahi kuona hiyo tofauti. Lakini mtu anayeenda laivu ataiona. Pia anayefundisha kwa Zoom, anayetumia mteja picha za harusi, anayefanya kazi za mtandaoni, na anayeweka mafaili yake kwa Drive. Mimi kazi yangu ni kontenti. Chuo nilitoka kabla ya kumaliza, na kinacholipa bili ni video. Kwa hivyo nikiangalia kifurushi, naangalia mlango wa kutokea kabla ya mlango wa kuingia.

Enzi ya kadi za salamu

Muulize mzee yeyote hapa Nyakach kuhusu redio. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa na sauti moja ya serikali, iliyoitwa Voice of Kenya kabla ya jina la KBC kurudi 1989. Redio ya kibinafsi tulianza kuisikia miaka ya 1990. Nyumbani ulikuwa na mashine ya kupokea peke yake. Mtambo wa kurusha ulikuwa wa serikali.

Kama ulitaka jina lako lisikike, ulinunua kadi ya salamu, ukaandika majina ya watu wako wote, ukaipeleka posta, ukangoja. Mtangazaji akiifikia, anaisoma mbio mbio na anaenda kwa inayofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa spidi ya kupakia ya babu zetu: wiki kadhaa kwa sekunde chache hewani.

Na bado waliandika! Kulikuwa na mashabiki wa salamu waliojulikana nchi nzima kwa majina yao ya redioni, watu ambao hawajawahi kukanyaga studio. Kwa hivyo mtu akikuambia ati kiu ya kusikika imeletwa na TikTok, mwambie aulize nyumbani. Kiu ilikuwepo, njia ya kutokea ndiyo ilikuwa nyembamba.

Simu ilikuwa na haki

Cha kushangaza ni kwamba waya wa simu ya zamani haukuwa na ubaguzi. Unaongea na unasikia kwa kiwango sawa. Modemu za kwanza zilizotumia huo waya zilifuata mtindo huo huo. Katikati ya miaka ya 1990, modemu za kiwango cha V.34 zilifika 33.6 kbps kwenda na 33.6 kurudi. Ni konokono, ndiyo, lakini konokono wa haki.

Mwaka 1998 kikaja kiwango cha V.90. Kupakua kukapanda hadi 56 kbps, kupakia kukabaki 33.6. Sababu ilikuwa ya kiufundi: upande wa kampuni ulikuwa umeingia kidijitali, upande wako bado ulikuwa analogi. Kwa 33.6, ile video yetu ya GB moja ingechukua masaa 66, karibu siku tatu.

Lakini wazo lenyewe la kukupa mdomo mdogo lilikuwa limeshapikwa kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Marekani, injinia mmoja wa Bellcore anayeitwa Joseph Lechleider alikuwa anatafuta njia ya kupitisha data nyingi kwa waya wa shaba wa simu. Tatizo lilikuwa kwamba waya nyingi zikilala pamoja kwa bomba moja, mawimbi yanayoenda na yanayorudi yanaingiliana na kuharibiana. Akaonyesha kwamba ukifanya upande mmoja uwe mkubwa na mwingine mdogo, jumla inaongezeka. Hiyo ndiyo mbegu ya ADSL, na ile herufi A ya mwanzo inamaanisha "isiyolingana". Kiwango cha 1999 kiliruhusu kupakua hadi karibu 8 Mbps, na kupakia kama 1 hivi.

Sasa uliza: kwa nini upande wa kupakua ndio ulipewa ukubwa? Kwa sababu kampuni za simu za Marekani wakati huo zilitaka kuuza filamu nyumbani na kushindana na televisheni za kebo. Mteja waliyemfikiria ni mtu amekaa kwa kochi anangoja sinema. Hakuna aliyemfikiria msichana wa miaka 19 anayehariri video kwa simu huko Katito. Sijamlaumu Lechleider, alitatua shida ya shaba, na alitatua vizuri. Shida ni kwamba sisi tulirithi dawa ya ugonjwa wa waya wa shaba, na bado tunaimeza tukiwa kwa faiba.

Kenya iliyopitia angani

Turudi nyumbani. Intaneti ya biashara ilianza kuuzwa Kenya katikati ya miaka ya 1990. Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani, ilikuwa kati ya za kwanza. Lakini njia ya kwenda nje ilikuwa ya setilaiti, na lango la kimataifa lilikuwa mkononi mwa shirika moja: kwanza KPTC, halafu Telkom Kenya. Kuanzia 1998 lango hilo liliitwa Jambonet.

Setilaiti hizo zinakaa karibu kilomita 36,000 juu. Ujumbe kwenda na kurudi ulimeza nusu sekunde hivi kabla hata hujahesabu foleni. Na bei! Mbps moja kwa mwezi ilikuwa maelfu ya dola. Ndiyo maana saiba zilikuwa zinakata kwa dakika, na hata zilipofika shilingi moja kwa dakika watu waliona wamebarikiwa.

Hapa kuna kisa ambacho kila mtu anayelipa net Kenya anafaa kukijua. Enzi hizo, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine hapo hapo Nairobi ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikazunguka ughaibuni, ikarudi. Jirani kwa jirani, na mnalipia anga mara mbili. Kampuni za intaneti zikaungana chini ya TESPOK na kujenga kituo cha kubadilishana data hapa hapa, KIXP, kikawashwa Novemba 2000.

Telkom Kenya ikalalamika kwamba hiyo inagusa haki yake ya kipekee. Kabla mwaka uishe, Tume ya Mawasiliano ikaagiza kizimwe. Ilichukua hadi 2002 kufunguliwa tena. Fikiria hilo vizuri: kulikuwa na wakati ambapo Mkenya kumtumia Mkenya data moja kwa moja ilikuwa kesi. Haki ya kipekee yenyewe iliisha 2004.

Wakati kupakia kulikuwa ni SMS

Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yametangazwa na nchi inawaka, serikali ikapiga marufuku matangazo ya laivu. Kisumu ilikuwa kati ya miji iliyoumia zaidi. Watu waliona mambo kwa macho yao, na hawakuwa na mahali pa kuyapeleka. Hakukuwa na simu za kwenda laivu mkononi mwa kila kijana, na mtandao wa nyumbani ulikuwa wa wachache.

Januari 2008, Ory Okolloh akatoa wazo kwa blogu yake, na wenzake Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakasaidia kulijenga kwa siku chache. Likaitwa Ushahidi. Ungeweza kutuma ripoti kwa tovuti au kwa SMS, na inawekwa kwa ramani. SMS ina herufi 160. Hiyo ni data ndogo kuliko picha yako ya wasifu wa WhatsApp, na bado ilitosha kuambia dunia nini kinatendeka mtaani.

Kwangu hiyo ndiyo siku ya kupakia kuwa jambo la maana Kenya. Haikuwa burudani. Ilikuwa mtu aliye mbali na studio kusema, "Niko hapa, nimeona."

Na haikuishia hapo. Juni 2024 tulikuwa barabarani na mtandaoni kwa wakati mmoja, laivu juu ya laivu. Tarehe 25 mchana, NetBlocks ikaripoti kwamba intaneti imevurugika nchini, na kampuni za simu zikasema ni shida ya kebo za baharini. Mimi sitafungua hiyo kesi leo. Nasema tu kila aliyekuwa anajaribu kutuma klipu mchana huo anajua tofauti ya net ya kutazama na net ya kusema.

Kebo zina njia mbili

Kabla ya 2009, Kenya haikuwa na kebo hata moja ya faiba baharini. Juni mwaka huo TEAMS, ambayo serikali yetu ilisukuma pamoja na kampuni za hapa, ikafika Mombasa kutoka Fujairah kule Emirati. Tarehe 23 Julai 2009 SEACOM ikawashwa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Bei ya jumla ya njia ya kimataifa ikaanza kuporomoka.

Matunda yalionekana haraka. Machi 2010, Just A Band wakatoa video ya "Ha-He" yenye jamaa anaitwa Makmende. Wakenya wakaichukua, wakatengeneza utani na mapicha, hadi CNN wakaiandika. Mara hii jambo lilitoka kwetu likaenda kwao.

Sasa sikiza hii, kwa sababu ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Faiba ya baharini inalazwa kwa jozi: uzi mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi, uwezo sawa. Na kampuni ya intaneti ikinunua njia ya kimataifa, kwa kawaida inauziwa uwezo unaolingana pande zote mbili, na bili inahesabiwa kwa upande wenye msongamano zaidi. Kwa kampuni inayohudumia manyumba, upande huo ni wa kupakua, kwa sababu wote tunatazama. Maana yake? Barabara ya kutoka Kenya kwenda dunia iko, ishalipiwa, na sehemu kubwa ya siku inakaa wazi. Ni kama matatu inayotoka Kisumu imejaa na kurudi na viti vitupu, halafu makanga anakukataza kupanda ya kurudi.

Sasa faiba imefika mlangoni

"Lakini kuna mipaka ya kiufundi." Kweli, iko, na tuiseme kwa haki. Manyumba mengi yanaunganishwa kwa teknolojia ya GPON, ambayo viwango vyake vilianza 2003. Uzi mmoja kutoka kwa kampuni unagawanywa kwa manyumba 32 au 64. Kupakua kwa uzi huo ni karibu Gbps 2.5, na kupakia ni 1.25, nusu yake. Kupakia ni kugumu kidogo kwa sababu manyumba yote yanatuma kwa uzi mmoja, kwa hivyo yanapewa zamu, kila moja na sekunde yake ndogo.

Basi hesabu ya kiufundi ni mbili kwa moja. Kama kifurushi chako ni mbili kwa moja, sawa, mtambo ndio umesema. Ikiwa ni nne kwa moja au kumi kwa moja, hapo hatuongei tena juu ya mtambo. Mtu wa mauzo ameamua. Na kiwango kipya cha XGS-PON, kilichoidhinishwa 2016, kinatoa Gbps 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa hivyo haki ya V.34 inaweza kurudi, safari hii bila konokono.

Soko la Kenya lina kila aina. Kuna wanaokupa spidi sawa pande zote, kuna wa nusu, kuna wa chini ya hapo. Shida ni kwamba bango haliwatofautishi. Vifurushi viwili vya 30 Mbps kwa bei inayokaribiana vinaweza kuwa mnyama na mnyama mwingine.

Wengine mtasema: omera, watu wengi wanatazama tu, kwa nini walipie kupakia wasichotumia? Hoja nzuri. Lakini angalia mduara wake. Unampa mtu mlango mdogo wa kutokea, hatoki, halafu unasema umeona hataki kutoka. Mwaka 2020, Covid ilipofunga shule na ofisi, kila nyumba iligundua ghafla kwamba ina kamera na ina mambo ya kusema.

Nyakach inajua kutuma

Hapa kwetu Pap Onditi, wengi bado tunategemea bando za simu na mnara ulio karibu. Mimi na wenzangu, kazi ikiwa nzito, tunaweka kwa flashi, tunampa dereva wa matatu, inashukishwa Ahero ama Kisumu kwa mtu mwenye faiba, anapandisha. Usicheke. GB 64 kwa matatu ya saa mbili ni karibu 70 Mbps. Piga hesabu mwenyewe.

Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na imesaidia watu wa vijijini sana. Lakini hata hapo, kampuni yenyewe ilipotangaza viwango vya kawaida ilisema kupakua 25 hadi 220 Mbps, kupakia 5 hadi 20. Anga nayo ina mdomo mdogo.

Na kuna kitu kinanichoma kidogo. Kituo cha umeme cha Sondu Miriu, megawati 60, kiko hapa Nyakach, kilianza kazi 2008. Sisi tunapandisha stima kwa gridi ya taifa kila siku, na nchi inaipokea vizuri tu. Waya wa kutoa mali kutoka hapa haujawahi kukosa. Ni waya wa kutoa sauti ndio unaambiwa usubiri. Faiba ikifika hapa mlangoni, sitaki ifike na mawazo ya 1989, ati huku ni watu wa kutazama tu.

Uliza hivi kabla ya kulipa

Kwanza, uliza kwa maneno haya: "Spidi ya kupakia ni Mbps ngapi?" Usikubali jibu la "iko fiti". Taka namba, na uombe iandikwe kwa meseji.

Pili, tafuta jirani mwenye kifurushi hicho hicho. Pima kwa kebo, si kwa WiFi, mara tatu: asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Andika kupakia kwa kila mara. Namba ya saa mbili usiku ndiyo ya kweli, kwa sababu ndipo mtaa wote uko kwa ule uzi mmoja.

Tatu, uliza kikomo cha matumizi ya haki. Ukivuka GB fulani, spidi inashuka hadi ngapi, na je, unachopakia kinahesabiwa pia?

Nne, gawanya bei kwa kupakia. Kifurushi cha 3,000 chenye 15 ya kupakia ni shilingi 200 kwa kila Mbps. Cha 2,800 chenye 5 ni shilingi 560. Ukiangalia bango, cha pili ni rahisi. Ukiangalia kazi yako, cha pili kinakunyonya.

Tano, jua unachohitaji. Laivu ya picha safi ya 1080p inataka kama 6 Mbps ya kupakia isiyoyumba, na uongeze nafasi kwa wengine walio kwa nyumba. Kama wewe ni wa kutazama mpira tu, usilipie usichotumia. Chukua cha bei nafuu na uendelee na maisha.

Kampuni zinaandika kwa bango kile wateja wanauliza. Watu elfu wakiuliza kupakua, wataandika kupakua. Watu elfu wakianza kuuliza kupakia, mwaka ujao utaiona hapo juu kwa herufi kubwa. Kwa hivyo pima yako leo usiku saa mbili, uweke kwa komenti: mtaa wako, bei unayolipa, na namba ya kupakia. Tutengeneze orodha yetu wenyewe, Kisumu, Ahero, Katito, Sondu, Kendu Bay, na mlio Nairobi pia. Nitaijumlisha nikirudi wiki ijayo.